Yadi 14 za Bafta

Juzi sokoni muuza dawa alifunua kopo la karafuu maiti. Kabla sijapokea chenji, nilikuwa nimesharudi kwenye mkeka wa bibi.

Alitutuma sanduku la mvunguni. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe ya sanda yake, yadi 14. "Nikifa msikimbizane madukani," akasema, utadhani anazungumzia unga. Akaichana mwenyewe kwa mkono, mkasi hakuutaka. Kwa mwanamke vipande ni 5: cha kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka 2 za kuviringisha mwili mzima. Bafta ile upana wake yadi moja tu, haimzunguki mtu, kwa hiyo kila shuka aliiunga pande 2. Mabaki akayachana kamba: ya kichwani, ya kiunoni, ya miguuni. Mama mdogo akauliza mbona shuka ndefu hivyo. Bibi akajilaza juu yake, akanyoosha miguu, akatuonyesha shibiri moja iliyozidi kila upande. "Hapa ndipo pa kufunga." Sisi wajukuu tukacheka. Mama alitoka nje.

Karafuu maiti aliifunga kwenye karatasi, na hapo alikosea: huyeyukia hewani yenyewe, yataka chupa yenye kifuniko cha kukaza. Miaka 6 baadaye tulikuta karatasi tupu na harufu.

Madeni aliyataja siku hiyo hiyo, hata la mkaa, maana hulipwa kabla ya urithi. Nyumba alitaka iwe ya mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza. Mjomba akamwambia, "Mama, wasia hauzidi theluthi, na mrithi hana wasia. Ukitaka kumpa, mpe hiba ungali hai, mbele ya mashahidi, na umkabidhi." Bibi akaafiki. Hati ikabaki chini ya mto wake. Ukimkumbusha: "Ijumaa ijayo, inshallah."

Sanda ilitosha, hata kamba hazikupungua. Nyumba ikapigiwa mafungu 4: mjomba mawili, mama moja, mama mdogo moja. Mjomba akamwachia dadake chumba cha mbele akae. Akae mpaka lini, hakuna aliyesema, na mimi sijathubutu kuuliza.

Karafuu maiti nilinunua, nimeitia chupani. Bafta bado.