Siku moja maishani mwangu: mimi ni gaidi wa Bagamoyo (ila wa wageni)

Nianze na hilo jina manake kila nikijitambulisha watu wanacheka. Huku kwetu mwongoza watalii ni tua gaidi, wengi hawana muda wa kumalizia wanasema gaidi tu, kwa hiyo mama yangu akiulizwa binti yako anafanya kazi gani anajibu kwa sauti mbele za watu, "ni gaidi". Na mtaani wanaamini kazi yenyewe ni kuzurura na wazungu ufukweni, mnakunywa madafu, jioni unahesabu dola. Haya, nawapa Jumamosi yangu moja, mtanionyesha hizo dola zilipokaa.

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla ya simu naangalia mwezi. Sio ushirikina, ni kazi. Mwezi ukiwa mpevu kama ulivyokuwa juzi ile ni bamvua, maana yake hapa pwani maji yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni, na yakikupwa yanakwenda mbali kweli unaona boti zimelala ubavu kwenye tope kama mbuzi waliochoka. Tripu yangu ya siku hiyo ilikuwa na vipande viwili, asubuhi historia na utamaduni, mchana boti mpaka kwenye mikoko ya mdomo wa mto Ruvu. Historia inasubiri, imeshasubiri miaka mia nane. Maji hayasubiri.

Nikampigia nahodha. "Shikamoo nahodha." "Marahaba mwanangu. Leo mwisho saa nane u nusu tuwe tumeng'oa nanga, ukiniletea watu saa kumi usinilaumu." Nikamwambia usijali. Hilo neno nimeshalitumia vibaya sana maishani.

Saa mbili asubuhi

Chai, vitumbua vitatu, nimesimama barabarani nasubiri kosta. Wageni ni wavolontia kumi na wanne, wanafundisha shule moja ya msingi huko Dar, wamekaa wiki kadhaa na koordineta wao kawaandalia siku moja ya kupumzisha akili. Makubaliano saa mbili kamili. Saa mbili meseji: "tupo Bunju". Saa mbili na nusu napiga, "tupo Bunju hapa". Saa tatu: "ndo tunaitoka Bunju". Jamani kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kilometa kama sabini tu, hiyo Bunju ina ukubwa gani? Walifika saa nne kasorobo, wamelala wote isipokuwa mzee mmoja mstaafu kakaa siti ya mbele na daftari, na kalamu mbili mfukoni. Nilivyoona zile kalamu mbili nikajua leo kazi ipo.

Kaole

Kaole, magofu ya mji wa kale hapa jirani, sikukaa nao sana ingawa ndo pananipa raha kuliko pote. Msikiti wa karne ya 13, mwingine wa karne ya 15, makaburi, yale yenye nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina, vyote mawe ya matumbawe na chokaa. Huwa nawapeleka nyuma kidogo nawaonyesha mikoko, nawaambia hapo kwenye miti ndipo jahazi zilipokuwa zinaingia, bahari ikasogea, bandari ikafa, mji ukahama. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa hivyo tope lilionekana lote na wakaelewa bila mimi kuongea sana. Wasichana wawili wakauzunguka mbuyu mkubwa manake wazee wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Mzee wa kalamu akauliza unaongezewa miaka mingapi, nikamwambia hiyo inategemea na anayezunguka, akaandika.

Mjini

Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo tulipita mbio, ngome, boma la Wajerumani la 1897, milango ya kuchonga, wauza picha (kijana mmoja kanunua simba aliyechorwa na mkia mrefu kuliko mwili, tumbo likaniuma kwa bei aliyolipa lakini aliyeuza ni jirani yangu, nikanyamaza). Soko la samaki dada mmoja wa kikundi akainua kamera kwa mama anayekaanga, mama bila hata kugeuka akasema, "mwambie mgeni wako mie siyo samaki". Nikatafsiri hivyohivyo. Dada akaona haya, akashusha kamera, akanunua kibua cha elfu mbili, wakaishia kupiga picha wawili wanacheka. Ile ndo tripu yenyewe kama mnataka kujua, ila kwenye ratiba haijaandikwa.

Jua sasa limesimama utosini, saa sita na nusu. Tukaenda misheni.

Mnyororo

Misheni ya Roho Mtakatifu ilianza 1868, mapadri walikuwa wananunua watumwa na kuwaacha huru, na kulikuwa na kijiji chao hapohapo. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti, ulipita hapa Februari 1874, ukalazwa usiku kanisani kabla ya kuvushwa Zanzibar na kwenda London. Wageni wote wanamjua Livingstone. Nikiuliza nani alimbeba kutoka kule ambako sasa ni Zambia, zaidi ya kilometa elfu moja na nusu, miezi na miezi, kimya. Susi na Chuma, watumishi wake, na wenzao ndo waliobeba. Na moyo waliuzika kulekule alikofia. Huwa nawatania kwamba huyu mzee ndiye kweli alibwaga moyo, ila hakuubwaga Bagamoyo.

Hapo mzee wa kalamu akaninasa. Anasema jina Bagamoyo maana yake ni watumwa kuacha mioyo yao wakikata tamaa, kasoma. Nikamwambia ndiyo hiyo wanaisema, na wapo wanaosema ni wapagazi, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyamwezi na huko bara miezi mitatu, wakiona bahari wanabwaga moyo, yaani wanapumzika, wamefika. Mimi nawapa zote mbili. Yeye anataka moja, na anataka ile ya machozi.

Basi tukafika kwenye mbuyu. Hapo misheni kuna mbuyu walioupanda mapadri 1868, na shinani kuna mnyororo umemezwa na mti, sasa hivi unaona pingili mbili tatu zimechungulia. Stori tunayorithishwa ni kwamba kuna mama wa Kizungu, Madame Chevalier, alifunga mnyororo pale kwa ajili ya punda wake, ukasahaulika, mbuyu ukanenepa ukaula. Punda. Watu wote wakacheka, wakapiga picha, tumemaliza, twende tukale wali.

Mzee hajacheka. Kaweka kiganja kwenye pingili, kafumba macho, kamwita kijana mwenye simu nzuri amrekodi. Halafu ananigeukia mimi, anataka nisimame pembeni yake niseme kwenye video kwamba hapa ndipo mababu zangu walifungwa.

Nikamwambia kwa adabu, babu, huu ni wa punda. Akasema una uhakika gani. Nikamwambia mti umepandwa 1868, soko la watumwa Zanzibar limefungwa 1873, ni miaka mitano katikati, mbuyu wa miaka mitano hata mbuzi anaung'oa, utamfunga mtu hapo? Akasema baada ya kufungwa soko biashara iliendelea kwa magendo. Hapo namkubalia, ni kweli iliendelea. Ila nikamuuliza, hao wa magendo walete watumwa wao wawafunge uani kwa mapadri ambao kazi yao ni kuwafungulia? Akanyamaza, nikadhani imeisha, kumbe anatafuta kwenye simu. Mtandao unazunguka. Tunasubiri mtandao, watu kumi na wanne na gaidi mmoja, jua la saa saba, mbu wa mchana, dereva anapiga honi kule getini. Ukafunguka, kapata ukurasa umeandika mnyororo wa watumwa, kanionyesha kama askari anayekuonyesha spidi yako kwenye tochi.

Hapo ndo wengine wangesema tu. Nina wenzangu wanasema, na siwalaumu sana, mgeni akilia anatoa tipu nzuri kuliko mgeni akicheka. Lakini mababu zangu mimi walikuwa wakata mikoko wa hapahapa, siwezi kuwafunga kwenye mnyororo wa punda ili video ya mtu ipendeze. Na siyo kwamba machungu hayapo. Nikampeleka makumbusho ya misheni, nikamwonyesha minyororo yenyewe, ile ya shingo, ipo kwenye kabati, haina mti wala kivuli wala pa kupigia pozi. Alisimama pale muda mrefu. Hakurekodi.

Tulitoka saa nane na dakika kumi. Hatujala.

Mchana, saa sijui ngapi

Wali samaki kwa mama ntilie wangu, ambaye alishaupasha mara mbili na kaninunia. Mmoja hali samaki, mmoja hali wali, mmoja anauliza kama maharage yana gluteni. Missed koli saba za nahodha. Tulishuka ufukweni saa kumi kasoro dakika kumi, nahodha hakusema kitu, alinitazama tu halafu akatazama maji, ni bora angenitukana.

Nihesabu. Kumi na nne. Majaketi kumi na nne. Hii ndo kazi kubwa kuliko Kiingereza, kuhesabu vichwa, siku nzima nahesabu, nikilala nahesabu.

Mikoko yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Tumeingia kwenye mkondo maji yamejaa mpaka kwenye majani, injini ikazimwa, hata mzee kafunga daftari. Nikawaonyesha mlilana unaokaa mbele kupokea mawimbi, mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu unaotoa vijiti vya kupumulia juu ya tope, mkandaa ambao magome yake wazee walitolea rangi. Ndege mdiria akapita mbele yetu kama kibiriti kimewashwa. Nikawaambia baba yangu alikuwa anakata boriti humuhumu, zinahesabiwa kwa korija, korija moja ni ishirini, na mimi ada ya chuo ililipwa kwa korija. Sasa hivi bila kibali hugusi mti, na mimi nalipwa kwa kuionyesha ikiwa imesimama. Binti mmoja akaniuliza baba anaonaje. Nikamwambia baba anasema nalipwa kidogo kuliko boriti.

Kwa mbali viboko walitoa pua, makelele ya furaha, halafu nikamsikia nahodha anasema polepole, "mwanangu, maji yanarudi".

Tuligeuza, lakini ndo hivyo. Pale kwenye kona ya mchanga boti ikakwaruza, ikasogea, ikakwaruza, ikakaa. Ukikwama na bamvua likikupwa hutoki mpaka usiku wa manane, na hapo kuna viboko jirani. Nahodha karuka, msaidizi karuka, na mimi na suruali yangu ya kazi nikaruka, tope mpaka mapajani, nikawaambia vijana shukeni, wakubwa baki. Tunasukuma tunaimba haya-haya, haijibu. Nageuka namwona mzee wa kalamu kavua viatu, kakunja suruali, daftari kaliweka kwenye mfuko wa plastiki kalishika na meno, anashuka. Nikamwambia babu kaa, akakataa kwa kichwa manake mdomo umejaa daftari. Ikatoka. Sitasema ni kwa nguvu zake lakini ilitoka.

Tulirudi giza linaingia, maji yamekwenda mbali boti haifiki ufukweni, tukatembea ule mwendo mrefu kwenye maji ya magotini na tochi za simu, nahesabu, kumi na nne, nahesabu tena. Mguu umekatwa na chaza, nimegundua nyumbani.

Kosta ikaondoka. Posho yangu ya siku elfu arobaini, nahodha kaomba elfu kumi ya mafuta ya ziada, ni haki yake, mama ntilie elfu tano ya kununa. Mzee aliniachia kalamu moja kati ya zile mbili na noti, akaniomba nimwandikie kwenye daftari neno korija, na punda. Nikaandika.

Saa tatu usiku nimeweka mguu kwenye maji ya chumvi, meseji ya koordineta ikaingia: wageni wamefurahi sana, Jumamosi ijayo naleta wengine kumi na sita, tripu ileile, naomba ratiba. Nikahesabu vidoleni, nikamjibu Jumamosi ijayo ni maji mafu, yanajaa asubuhi saa nne na siyo mengi, boti inabidi iondoke saa mbili na nusu, kwa hiyo wawe hapa saa mbili kabisa.

Akajibu: sawa dada, hamna shida, saa tatu na nusu watakuwa wameshafika.