Tundu la Sakafuni

Mama alikuwa akipiga deki bafu letu mara tatu kwa siku. Alfajiri, mchana, na jioni tena kabla wageni hawajaingia, kwa sabuni, kwa dawa, kwa brashi ngumu iliyomchubua vidole. Harufu iliondoka kwa saa chache kisha ikarudi, harufu ya yai viza, na kila iliporudi alijilaumu yeye. Akiketi na mgeni sebuleni, jicho halimtoki mlango wa bafu.

Fundi bomba wa kwanza alifunua chemba, akasukuma waya, akamwaga dawa ya kuzibua. Hapakuwa na kilichoziba. Maji yalikuwa yanakwenda vizuri. Akaondoka akituambia tuongeze usafi. Neno lile lilimchoma mama kuliko harufu yenyewe.

Usiku mmoja wiki ileile, nikiwa bafuni, mdogo wangu alivuta maji ya choo upande wa pili wa ukuta. Nikasikia sauti chini ya miguu yangu, kwenye tundu la sakafuni: glu, glu, glu, kama mtu anayegugumia maji kwa kiu. Sauti ile sote tulikuwa tumeisikia miezi mingi. Hakuna aliyewahi kuiuliza inataka nini.

Chini ya tundu lile kuna trapu, kipande cha bomba kilichopinda ili kibaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo mlango: hupitisha uchafu, huzuia hewa ya mfereji isipande. Ni akili ya zamani. Mskoti Alexander Cumming alipewa hataza ya choo chenye shingo iliyopinda mwaka 1775. Nikatafuta kijiti, nikakitumbukiza hadi kikagusa chini. Kikatoka kimelowa sentimita 10. Nikavuta choo, nikapima: 6. Nikavuta tena: 4. Nikainama pale, na lile yai viza likanipiga usoni.

Nilibaki nimesimama na kijiti mkononi, nikatamani kumwamsha mama saa ileile. Ndoo zake kweli zilikuwa zinaifukuza harufu, ila si sabuni iliyofanya kazi. Kila alipomwaga maji alikuwa anaijaza trapu, na kila mmoja wetu alipotoka chooni aliiacha imefyonzwa. Miezi yote ile mama alikuwa akiufunga mlango, sisi tukiufungua nyuma yake.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kijiti changu kwa makini, kisha akaomba kopo la mafuta lenye tundu moja. Akalijaza maji na kulipindua mbele ya mama. Maji yakatoka kwa kukwamakwama, glu, glu. Akatoboa tundu la pili upande uliokuwa juu; yakatiririka kimya.

"Bomba nalo hupumua, mama," akasema. "Maji ya choo yakishuka kwa kishindo huvuta hewa nyuma yake. Ikikosekana huko juu, yataivuta kupitia trapu yako, na maji ya trapu yataondoka nayo."

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Nimeingia mabafu mengi, mama. Hili ni safi."

Mama hakujibu. Alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo.

Mzee akapanda darini, nami nikamfuata na tochi. Bomba la hewa lilikuwepo. Paa lilipobadilishwa mwaka mmoja kabla, mafundi wa paa walilikata chini ya bati na kuligongea kifuniko, wasije wakatoboa bati jipya. Nilikasirika sana, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Bomba lisilopitisha tone la maji watu huliona halina kazi.

Nikamwambia mzee tung'oe kifuniko tu, yaishe. Akakataa katakata. Hewa ile ingejikusanya juu ya dari, juu ya vitanda vyetu, na baadhi ya gesi zake huua. Ile yenye harufu ya yai viza, ikizidi sana, huiua kwanza pua yenyewe, mtu asijue kama bado ipo. Lazima itoke nje, mbali na madirisha. Akatoboa bati, akaunga bomba mpaka likasimama sentimita 30 juu ya paa, akalivisha mpira pembeni mvua isipenye, akafunika mdomo wake kwa wavu ili ndege wasijenge humo.

Jioni ile mama hakushika brashi. Tulisimama naye mlangoni mwa bafu, mdogo wangu akavuta choo. Kikanguruma, kikatulia. Sakafuni kimya. Nikatumbukiza kijiti.

"Kumi," nikasema.

Mama akakichukua mkononi mwangu, akakiangalia mwenyewe. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Vuta tena."