Moyo kwenda mbio bila sababu: adrenalini imeitwa na nani?

Mikono inatetemeka, moyo unadunda hadi shingoni, jasho la baridi linatoka, na hakuna cha kutisha kilichotokea. Mtu huambiwa ana wasiwasi, au "presha ya kushuka", akapewa kidonge cha kumtuliza. Wasiwasi upo kweli na unatibika, ila usiwe jibu la kwanza kabla ya kupima chochote.

Adrenalini, homoni ya hofu na mshtuko inayomwagwa na tezi zilizokaa juu ya figo, haidumu kwenye damu. Baada ya dakika mbili tatu nusu yake imeshaondoka. Basi dalili zikikaa saa nzima, ujue kuna kitu kinaendelea kuiita, au mwili umekuwa mwepesi mno kuisikia. Ndiyo maana saa ya dalili ina thamani kuliko maelezo marefu. Weka daftari: zimeanza saa ngapi, ulikula nini na lini, umemeza dawa gani. Kisha namba tatu, zichukuliwe dalili zikiwa bado zipo: mapigo ya moyo kwa dakika nzima, presha, na sukari.

Tuanze na sukari, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), mwili huita homoni mbili, glukagoni na adrenalini, ili ini lifungue akiba yake ya sukari. Mtetemeko na mbio za moyo ni kazi ya hiyo adrenalini, jasho na njaa huletwa na mishipa ya fahamu inayoamka pamoja nayo, ndiyo maana hali hii haitofautiani na hofu kwa kuitazama tu. Kosa la kila siku ni kunywa soda kwanza, halafu kwenda kupima baada ya nusu saa. Namba inarudi nzuri na mgonjwa anaambiwa hana kitu. Choma kidole kwanza, ukiwa umenawa mikono, kwa sababu utomvu wa embe kwenye ncha ya kidole unatosha kuipandisha namba. Mashine ikiwa mbali, au mtu ameanza kuchanganyikiwa, mpe sukari bila kungoja.

Kipimo cha kumpa ni gramu 15 hivi: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu glasi ya maji. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini ya 3.9, kisha ale chakula chenyewe. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Anayetumia glibenklamidi (dawa ya kisukari), hasa kama figo zake zimechoka, anaweza kupata nafuu kisha akashuka tena saa kadhaa baadaye, kwa hiyo naye asibaki nyumbani. Na anayemeza propranololi (dawa ya presha na moyo) ajue kwamba dawa hiyo huficha mtetemeko na mbio za moyo. Kinachobaki kumwonya ni jasho.

Asiye na kisukari anaweza kushuka saa mbili hadi nne baada ya sahani ya wali na soda, au akinywa pombe bila kula, kwa kuwa pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Punguza wanga mweupe, ongeza maharage, samaki au mayai, kisha tazama daftari kwa wiki mbili. Namba ikiwa chini ya 3.0 kabla ya kula, kwa mtu asiyetumia dawa ya kisukari, hilo si la kutibiwa kwa mlo. Linahitaji uchunguzi wa insulini hospitalini.

Tezi ya shingo, yaani thairoidi, ina tabia nyingine. Dalili zake hazina vipindi, hazipumziki. Pima mapigo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakizidi 90 siku kadhaa mfululizo, unakula vizuri lakini unakonda, joto hulivumilii na unakwenda chooni mara nyingi, omba TSH na T4 huru, vipimo vya damu vya tezi hiyo. Nyoosha mikono na kulaza karatasi juu ya vidole: mtetemeko mdogo usioonekana kwa macho utaonekana ukingoni mwa karatasi. Cha ajabu ni kwamba adrenalini ya mgonjwa huyu kwa kawaida haijapanda kabisa. Ni moyo wake uliogeuka mwepesi kuitikia.

Kuna mtego mmoja kwenye kipimo hicho. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi (miligramu 5 au 10) huzichanganya baadhi ya mashine za maabara, zikasoma TSH ya chini na T4 ya juu, kana kwamba tezi imezidi, kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Madini ya joto, yaani ayodini, nayo yana pande mbili. Penye uhaba wake rovu huota, lakini mtu mwenye rovu la miaka mingi akipata madini hayo mengi kwa ghafla, tezi inaweza kufyatuka na kumwaga homoni bila breki. Jambo hilo lilionekana Kivu na Zimbabwe miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye madini joto kusambazwa. Chumvi hiyo ni kinga muhimu kwa jamii na isiachwe. Ninachokataa ni matone ya ayodini ya kujinunulia.

Magnesiamu inasifiwa mno mitandaoni, ila msingi wa sifa hizo upo. Ili tezi imwage adrenalini, kalsiamu lazima iingie kwenye seli zake, na magnesiamu huubana mlango huo. Upungufu huletwa na kuharisha kwa muda mrefu, pombe, furosemidi (dawa ya kukojoza), sukari isiyodhibitiwa, au omeprazoli (dawa ya asidi tumboni) iliyomezwa miezi na miezi. Kiwango cha damu ni 0.7 hadi 1.0 mmol/L, lakini asilimia 1 tu ya magnesiamu ya mwili iko kwenye damu, hivyo namba nzuri haiondoi shaka yote. Potasiamu isiyopanda hata ukipewa vidonge ni dalili nzuri ya kuitafuta: magnesiamu ikiwa chini, figo huimwaga potasiamu kwenye mkojo.

Mtu mzima anahitaji miligramu 310 hadi 420 kwa siku. Gramu 30 za mbegu za maboga zilizomenywa hutoa kama 150, korosho kiasi hicho kama 80, na dona inaishinda sembe kwa mbali. Vidonge vya magnesiamu oksaidi hufyonzwa vibaya na huharisha. Magnesiamu sitreti ni bora. Mwenye figo mbovu asiviguse bila daktari, na anayetumia levothairoksini (kidonge cha homoni ya thairoidi) aviache mbali kwa saa 4.

Upungufu wa damu pia huukimbiza moyo (Hb, yaani kiwango cha damu, chini ya 12 g/dL kwa mwanamke, 13 kwa mwanamume), na chai ya pamoja na chakula huzuia madini chuma. Ganzi kuzunguka mdomo ni ya kalsiamu iliyoshuka, ingawa kuhema haraka peke yake huileta pia. Miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu, salbutamoli (dawa ya pumu) na vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini vifikiriwe kabla ya ugonjwa wowote adimu.

Aliyetumia prednisoloni au deksamethasoni ya kunenepa, au mkorogo wenye steroidi, kwa miezi, asiache ghafla. Tezi zake za juu ya figo zimelala, homoni yao ya kortisoli haitoshi, na sukari na presha vitashuka pamoja.

Kisha yule adimu kweli, uvimbe wa feokromositoma, unaomwaga adrenalini wenyewe: kichwa kinapasuka, jasho linatiririka, moyo unakimbia, presha inaruka kwa vipindi kisha inashuka, uso ukiwa umepauka. Kipimo ni metanefrini (mabaki ya adrenalini iliyovunjwa), za damu baada ya kulala chali dakika 20 hadi 30, au za mkojo wa saa 24. Amitriptilini na dawa za mafua huharibu majibu, hivyo mtajie daktari kila unachomeza. Na usiazime propranololi ya jirani ukishuku ugonjwa huu. Bila dawa ya alfa (inayozuia adrenalini kubana mishipa) kutangulia, propranololi inaziba njia inayoilegeza mishipa na kuiacha ile inayoibana, na presha inaweza kupaa hadi kuua.