Miti ya Mabingwa wa Iten

Katika shule ya St. Patrick's mjini Iten, Kenya, wanariadha waliosoma pale na kung'ara kimataifa wamepandiwa miti yenye vibao vya majina yao, na kwangu mimi heshima hiyo inapita sanamu yoyote. Wamo Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Wilson Kipketer, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 800 ilidumu hadi mwaka 2010, ilipovunjwa na David Rudisha, aliyenolewa papo hapo Iten na kocha Colm O'Connell. Lornah Kiplagat naye, aliyejenga kambi iliyowafungulia njia wasichana wengi wakimbiaji, anastahili kuenziwa vivyo hivyo mjini humo.