Jinsi ninavyokaa mezani kutwa bila kuumwa kiuno

Kazi yangu ni ya kukaa: kompyuta mbele, kiti nyuma, kutwa nzima. Kiuno changu kimetulia, na kilichokituliza si kiti cha bei mbaya wala mkanda wa kubana tumbo. Ni kupanga vitu kwa mfuatano wake, kuanzia makalioni, na kuinuka kitini kabla mwili haujaanza kulalamika.

Nasema makalioni kwa makusudi. Wengi wakiambiwa wakae vizuri huvuta mabega nyuma na kutoa kifua, hukaa hivyo dakika tano kama askari kwenye gwaride, kisha huporomoka. Mgongo haushikiliwi kutoka juu. Paja likikunjwa pembe mraba, misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja hulivuta fupanyonga lilale kwa nyuma. Likishalala, ule upinde wa kawaida wa kiuno unanyooka, na kwa wengine unageuka kuwa nundu. Pingili tano za kiuno zinabanana upande wa mbele, diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zinasukumwa nyuma, na kano za nyuma zinabaki zimevutwa muda wote. Kano ikivutwa kwa saa nzima hulegea, na misuli ya jirani hukaza ili kufidia. Yale maumivu mazito ya jioni, ambayo huwezi hata kuonyesha kwa kidole yalipo, mara nyingi hutoka hapo.

Kwa hiyo cha kwanza ni kimo cha kiti. Simama mbele yake, pandisha au shusha hadi sehemu ya juu ya sponji ifike chini kidogo ya pia ya goti. Keti, sukuma makalio mpaka yaguse egemeo, halafu angalia mapaja: nyonga inatakiwa kuwa juu ya magoti kwa sentimita mbili tatu. Ikiwa hivyo, fupanyonga huinama mbele lenyewe, huna haja ya kulilazimisha. Kiti kisichorekebishika nakitengeneza kwa kukunja blanketi na kuliweka nusu ya nyuma tu ya kikalio, ili kiwe na mteremko mdogo kwenda mbele. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pasipopita kitu, ukingo utakubana, nawe utasogea mbele bila kujua, na egemeo litabaki pambo.

Hapa ndipo watu wafupi wanapokwama. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, kimo kinachomfaa mtu mrefu. Ukishusha kiti ili miguu ifike sakafuni, mabega yanapanda kufuata meza. Ukikipandisha, miguu inaning'inia, ukingo unakata mapaja kwa chini na nyayo zinavimba. Kama huwezi kupunguza miguu ya meza, fuata meza: pandisha kiti mpaka kiwiko kilingane na kibodi, kisha ziba pengo la chini kwa kibao. Rimu ya karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa takriban sentimita 5, kwa hiyo rimu mbili zilizofungwa kwa tepu ni kibao cha sentimita 10 ambacho hakiyumbi. Ziwe zimelazwa upana wa kutosha nyayo zote mbili, si ncha za vidole tu.

Sasa kiuno. Taulo la kuogea linatosha. Likunje mara mbili kwa urefu, livingirishe hadi lifike unene wa sentimita 8 hadi 10, funga ncha zote mbili kwa mpira. Mahali pa kuliweka: weka mikono kiunoni, vidole gumba vielekee nyuma, fuata ule mfupa wa nyonga mpaka vidole gumba vikaribiane juu ya uti wa mgongo. Taulo likae hapo, usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Kosa ninaloliona sana ni kuliweka katikati ya mgongo, ambapo linasukuma mbavu na kukufanya ujipinde kama upinde wa mshale. Kipimo changu ni rahisi: legeza mwili wote, pumua nje, acha mabega yadondoke. Kama kiuno kinabaki na upinde wake bila wewe kufanya kazi, limekaa sawa. Likianza kukuuma baada ya dakika kumi, ni nene mno. Fungua, punguza mzunguko mmoja.

Egemeo lenyewe nalilaza kidogo, nyuzi 100 hadi 110, na ninaliegemea kweli. Alf Nachemson wa Sweden, aliyepima shinikizo ndani ya diski tangu miaka ya 1960, alionyesha kuwa kukaa bila kuegemea hubana diski kuliko kusimama. Wilke na wenzake kule Ujerumani walipopima upya, wakachapisha mwaka 1999, picha ilibadilika: kusimama kulitoa megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5, kukaa umelegea bila egemeo 0.46, kukaa umeinama mbele 0.83, na kujilaza kwenye egemeo 0.27. Aliyepimwa ni mtu mmoja tu, hivyo sizichukui tarakimu hizo kama sheria. Ila mwelekeo uko wazi: adui ni kule kuinamia meza, na egemeo lipo ili libebe uzito.

Na kwa nini mtu anainama? Kwa sababu kitu anachokitazama au kukishika kiko mbali. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikitangulia mbele, kifua kinafuata, kiuno kinamalizia. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo. Mwenye miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja aishushe skrini zaidi, la sivyo atainua kidevu siku nzima. Maandishi yakiwa madogo yakuze, usisogeze uso. Kibodi na kipanya viwe karibu kiasi kwamba viwiko vinabaki mbavuni. Kipanya kikiwekwa mbali upande mmoja, kiwiliwili kinajipinda kukifuata, na maumivu yanakaa upande huo mmoja. Mikono ya kiti ikigonga meza na kukuzuia kusogea, ifungue skrubu uitoe. Haina faida hiyo.

Laptopu peke yake haikai vizuri hata uipange vipi, maana skrini na kibodi vimeungana: kimoja kikiwa sawa, kingine kimekosea. Ipandishe juu ya boksi, chomeka kibodi na kipanya vya nje.

Haya yote yananunua muda tu. Diski haina mishipa yake ya damu ya kutosha. Hulishwa kwa maji kuingia na kutoka kadiri unavyoibana na kuiachia. Kukaa kama sanamu, hata sanamu iliyonyooka, kunaikosesha chakula. Mimi huinuka kila baada ya nusu saa hivi. Kengele ya simu huchosha, watu huizima; glasi ndogo ya maji inafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa inaisha haraka na lazima uende kuijaza. Simu zote napokea nimesimama. Nikiinuka, naweka viganja nyuma ya kiuno na kujikunja nyuma taratibu mara tano. Zoezi hili likipeleka maumivu au ganzi mguuni, liache. Meza ya kusimamia ni nzuri kwa kubadilishana. Ukisimama kutwa utahamisha tu maumivu.

Mazoezi ya nguvu nayachagua machache. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, anashauri matatu: kuinua kichwa na mabega kidogo ukiwa umelala chali, ubao wa ubavu (kulala ubavu na kuinua nyonga ukijishikilia kwa kiwiko), na kupiga magoti na viganja kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Shikilia kama sekunde 10, pumzika, rudia. Usifanye mara utokapo kitandani: usiku diski hujaa maji, na kuinama sana asubuhi mapema kunazikaza kuliko saa nyingine. Naongeza kunyoosha misuli ya mbele ya nyonga, goti moja chini, sekunde 30 kila upande, kwani hiyo hufupika kwa kukaa.

Ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo au choo kukataa au kutoka bila hiari, mguu kuishiwa nguvu: hayo si ya taulo, ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yenye homa, au ya usiku yanayoambatana na kukonda, nayo yanahitaji daktari.

Mambo madogo yanayoharibu mpango: waleti mfuko wa nyuma, inayoinua kalio moja na kupindisha kiuno, toa kabla ya kukaa. Pia silinda ya gesi ya kiti iliyochoka, inayoshuka polepole bila wewe kuhisi. Bandika kipande cha tepu kwenye nguzo yake usawa wa kimo chako. Asubuhi ikizama ndani, silinda ni ya kubadilisha. Na ukivaa viatu vya soli nyembamba baada ya vile vya soli nene, pima kimo upya.