Siku yangu moja na begonia, Usa River

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika. Mwezi wa saba huku Usa River baridi inauma, Mlima Meru hauonekani, na kioo chote cha kitalu kinatiririka maji kwa ndani. Jua likichomoza nafungua madirisha ya juu, maana matone yakilala juu ya majani, ugonjwa wa ukungu wa kijivu hauchelewi.

Mpaka saa nne nakagua, nang'oa majani yaliyochoka, nainua chungu kimoja kimoja kupima uzito. Kilicho kizito kinakaa hivyohivyo, hakipati tone.

Saa nne na robo akaingia mama mmoja na chungu mkononi. Shikamoo yangu aliipokea nusunusu. "Mwanangu, ua lako limekufa." Ni begonia rex niliyomuuzia mwezi wa tano kwenye chungu kifupi. Amelihamishia kwenye chungu kirefu, udongo mweusi na samadi, maji kila asubuhi. Nilibonyeza shina, kidole kikazama, yakatoka maji ya kahawia yanayonuka. Nikamweleza: shina hili hutambaa juu ya udongo kama tangawizi, lenyewe ndilo ghala la maji, mizizi yake haiendi chini sana. Asili yake ni Assam, India, kwenye vivuli vya msituni. "Kwa hiyo mimi ndiye nimeliua?" Akampigia mumewe, akaweka spika, nikaanza upya. Anataka hela yake, au jingine bure. Wateja wawili walisubiri, wakaondoka. Nilipasua shina mpaka nikapata ncha ya sentimita tatu, ngumu bado, kijani ndani. Nikamwambia niachie, nitaiotesha. Akatoka bila kuaga, na nilikosa raha.

Mchana ni wembe na spiriti ya kuusafishia. Jani nalikata pembetatu, kila kipande na mshipa wake mnene, ncha iliyokuwa karibu na kikonyo ndiyo inayozama kwenye vumbi la makumbi ya nazi. Ukikigeuza, umekipoteza. Neti ya kivuli imeshushwa lakini joto liko palepale, mgongo hauongei, nimeacha kutazama saa. Trei ya nne, ya tano. Halafu kwenye trei za mwezi wa tano naona vijani vimechomoza, vidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, na rangi yake ya fedha tayari imo. Nimevipigia magoti. Watu huniita kijana wa kumwagilia maua, laiti wangekuwepo.

Giza linaingia. Ile ncha ya mama nimeiwekea chungu kifupi na kibao cha tarehe. Mkato ukauke kwanza, maji itapata keshokutwa.