Miaka Mitatu ya Kusugua Benchi

Jumamosi yangu ya kwanza hapa Columbus, Ohio, nilidhani rais anakuja mjini. Barabara zimefungwa, askari kila kona, na watu, kuanzia vichanga hadi bibi wa mkongojo, wamevaa nyekundu. Kumbe ni mpira, ule wa Kimarekani wa kushika na kurusha kwa mikono, tena wa chuo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State unachukua watu zaidi ya laki moja, na unajaa. Mimi niliyezoea kuona Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga nikijua hapo ndipo mwisho wa dunia, nilinyamaza.

Mpira wenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa hapahapa tuliyekuwa naye zamu ya usiku kwenye ghala. Wakati wa mapumziko alikuwa anapanga vikombe vya kahawa mezani kama wachezaji. Kikombe kikubwa ndiye kwotabeki. Karibu kila mchezo unaanzia mikononi mwake: ana sekunde mbili tatu za kuamua arushe, ampe mkimbiaji au akimbie mwenyewe, huku majitu ya kilo mia na arobaini yanamjia. Na uwanjani anakuwa mmoja tu. Kwenye soka ukikosa namba kama winga, kocha anaweza kukuchomeka kwingine. Kwotabeki wa pili hana pa kuchomekwa. Anasimama pembeni na kofia yake, anangoja mwenzake aumie au ahitimu.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Joe Burrow, kwotabeki wa Ohio State, kwa kutomwona akicheza. Alikuja Columbus mwaka 2015 kutoka Athens, kusini mashariki mwa jimbo hili, akiwa mchezaji bora wa shule za sekondari Ohio nzima. Mwaka wa kwanza kocha alimweka kando kabisa, ili mwaka huo usihesabiwe katika misimu minne aliyoruhusiwa kucheza chuoni. Mwaka wa pili na wa tatu alikuwa nyuma ya J.T. Barrett, kwotabeki namba moja. Agosti 2017 akavunjika mkono mazoezini, na hapo bahati ikahamia kwa mwingine: Novemba, Barrett alipoumia kwenye mechi na Michigan, mahasimu wakubwa wa hapa, aliyeingia ni Dwayne Haskins, kwotabeki mwingine wa benchi, akashinda. Ukiwashinda Michigan hapa umeshapata uraia. Kwa miaka mitatu Burrow alirusha mipira 39 tu. Kuna makwotabeki wanaoimaliza hiyo kwa mchana mmoja.

Mei 2018 akaondoka kwenda Louisiana State, LSU. Watu wengi hurukia sehemu ya ushindi, lakini mimi hapa ndipo ninapopenda. Wakati ule mchezaji akihama chuo alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza, ila kama alishamaliza shahada yake. Burrow alishaimaliza, kwa miaka mitatu. Benchi alisugua, lakini darasani hakusugua. Nilipomweleza mama kwa simu, yeye asiyejua kwotabeki ni mtu au ni chakula, hilo alilielewa kuliko yote. "Basi huyo mwanangu alikuwa na akili," akasema. "Alichukua cheti kwanza." Halafu akanyamaza kidogo, na mimi nikajua anayefikiriwa sasa si Burrow.

Mzee wa ghalani hakuona hivyo. Alisema kijana amekimbia, kashindwa kugombea namba. Mwaka huohuo mimi pia niliondoka pale, baada ya kuahidiwa usimamizi wa zamu mara mbili na mara mbili ukapewa mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe. Msidhani najifananisha. Mimi nilitoka ghala moja nikaenda jingine, kwa dola moja zaidi kwa saa. Lakini neno lile "kukimbia" nilikuwa nimelisikia tangu siku napanda basi kutoka Tanga kwenda uwanja wa ndege.

Msimu wa kwanza LSU ulikuwa mzuri wa wastani, ushindi 10 na vipigo 3. Wa pili, 2019, sijui niuelezeje. Mechi 15, ushindi 15. Tachidauni, ndiyo mabao ya mpira huu, 60 kwa kurusha, rekodi ya vyuo wakati ule, na mipira aliyoporwa ni 6 tu msimu mzima. Dhidi ya Oklahoma kwenye nusu fainali alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko. Mechi ya mwisho nyumbani aliingia na jezi iliyoandikwa "Burreaux", jina lake kwa tahajia ya Kifaransa cha Louisiana. Uwanja ukalipuka. Mimi, ambaye jina langu la Kisambaa hapa linavunjwavunjwa kila ninapoitwa kwenye foleni, nilicheka peke yangu: kumbe kuna watu hubadilisha jina kwa raha zao.

Desemba akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Jukwaani akalia, akawataja watoto wa kwao Athens wanaorudi nyumbani mezani hakuna chakula cha kutosha. Mtu mmoja wa huko akaanzisha mchango mtandaoni, na katika siku chache ghala la chakula cha msaada la Athens likapata zaidi ya nusu milioni ya dola. Kabla ya siku ile, nilikuwa nimeishi Ohio miaka yote hiyo bila kujua kwamba saa moja na nusu tu kutoka kwangu kuna Wamarekani wanaolala na njaa.

Januari 2020 akawafunga Clemson 42 kwa 25 kwenye fainali ya vyuo New Orleans. Aprili, katika uchaguzi ambapo timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo, uliofanywa kwa video kwa sababu ya korona, jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake, na walioita ni Cincinnati Bengals. Cincinnati, Ohio! Karibu maili mia moja kutoka kwenye benchi lile.

Juzijuzi nilikutana na mzee wa ghalani dukani, anasukuma toroli, kavaa jezi ya Bengals namba 9. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza: si ulisema alikimbia?

Hakupepesa hata jicho. "Nani kakimbia? Tulimtuma Louisiana akasome."